Saba Mara Saba

Pale Ndanda, habari za mnada wa korosho zikishaisha, kijiwe huhamia kwenye hesabu nzito zaidi. Yanga walicheza mechi 49 za ligi bila kufungwa, mpaka Ihefu walipowatandika 2-1, Novemba 29, 2022. Arsenal nao waliishia 49, Manchester United wakawakatisha mwaka 2004. Na 49 ni saba mara saba! Anayeuliza hiyo saba ilifunga bao gani hutazamwa kama mgeni asiyesalimia.

Kisha huja tarehe. Simba waliipiga Yanga 5-0 mwezi wa tano, 2012. Yanga wakalipa 5-1 tarehe 5 Novemba, 2023. Ushahidi umekamilika. Zile 6-0 za Simba mwaka 1977 hazitajwi, maana zilipigwa Julai, mwezi usiotii kanuni.

Wamarekani wamezidi. Katika besiboli, Babe Ruth alimaliza na mapigo 714 ya kuzunguka uwanja mzima; mrushaji Nolan Ryan akawatoa wapigaji 5,714 kwa kuwakosesha mpira. Ryan huyohuyo ana ushindi 324, sawasawa na Don Sutton, aliyewahi kucheza naye Houston. Kwa mlima wa takwimu kama ule, ajabu ingekuwa kukosa pacha.

Ndanda FC, iliyobeba jina la Ndanda na kuchezea uwanja wa Nangwanda Sijaona kule Mtwara, ilipanda Ligi Kuu 2014, ikashuka 2020. Misimu sita.

Hapo ndipo mabao sita ya 1977 hukumbukwa.