Mpya ya Saa 31,000

Diski yangu imeanza kugonga. Tak. Kimya. Tak, tak. Ndani yake kuna visahani vinavyozunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yavyo kwenye upenyo ambao hata chembe ya vumbi haipiti. Kikipotea njia hurudi mwanzo, hujaribu tena, hupotea tena. Hiyo ndiyo tak.

Habari zikienea, watu huja kama msibani, kila mmoja na lake. Shemeji alishauri niifunge kwenye mfuko niilaze ndani ya friza usiku kucha, katikati ya vibua, kana kwamba unyevu ni dawa. Fundi simu wa pale kona alitaka bisibisi tu, aifungue hapohapo feni ikipuliza. Na hakosekani wa kuuliza, "Kwani hukuweka nakala?" Swali hili huulizwa na watu ambao picha zao zote ziko kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Nikaanza kuhamisha faili. Kompyuta ikasema zimebaki dakika 12. Kidogo ikasema siku 3. Halafu dakika 40. Umeme ukakatika, ubishi ukaisha. Uliporudi nikaanza na picha, nikapata nilichopata.

Kariakoo sasa. "Bosi, terabaiti 16 hii, elfu arobaini tu." Hizo nazijua. Ndani mna kikadi kidogo kilichofundishwa kusema uongo: kinapokea kila unachokipa, kikijaa kinaandika juu ya vya zamani, na majina ya faili yanabaki yamejipanga vizuri, ndani hamna kitu.

Duka la pili: "Mpya kabisa, orijino." Nikaomba niichomeke kwenye laptopu yangu, maana diski hujiwekea hesabu ya saa ilizofanya kazi. Ikasoma 31,000. Mwaka mzima una saa 8,760, kwa hiyo mpya huyu amekesha zaidi ya miaka mitatu na nusu. Muuzaji hakutikisika. "Hizo saa za kiwandani, bosi. Walikuwa wanaijaribu."

Wengine wananisukuma kwenye SSD, isiyozunguka wala kugonga. Ina kasi kweli, na ikianguka haina visahani vya kuharibika. Lakini mara nyingi hufa bila hata kukohoa, na mimi nampenda mgonjwa anayelalamika. Dhamana nayo ni miaka 3, kwa maandishi: ikifa unapewa nyingine, tupu. Picha za harusi hazimo.

Nikanunua diski mbili za kuzunguka, za watengenezaji tofauti.

"Baba Neema, ya pili ya nini?"

"Ya kusubiri ya kwanza ife."

"Basi ungechukua na ya tatu, isubiri hiyo ya pili."

Mke wangu alikuwa ananikejeli, ila ndipo wataalamu walipofikia: nakala tatu, na moja ikae nje ya nyumba. Nikarudi Kariakoo. Ya tatu nimempelekea mama mkwe, aniwekee kabatini. Ameipokea kwa mikono miwili, kisha akauliza kodi nitalipa ya miezi sita au ya mwaka.