Namba 16: Mlinzi Amelala

Suruali yangu ya kijivu ndiyo iliyotuhamisha Sinza. Usiku niliitundika kwenye msumari karibu na dirisha, asubuhi nikaikuta juu ya ukuta wa jirani, imekunjwa vizuri kuliko ninavyoikunja mimi. Pochi ilikuwa mfukoni, na kitambulisho cha taifa kilikuwa ndani ya pochi. Pesa hazikuwepo. Simu niliyoiacha dirishani inachaji haikuwepo pia. Wavu wa mbu ulikuwa na tundu la kutosha kupitisha ufito wenye ndoano, na mimi na mke wangu tulikuwa tumelala fofofo hatua mbili kutoka hapo.

"Wametuvua kama changu," mke wangu alisema. "Tunahama. Na safari hii usinichagulie nyumba kwa sababu ya vigae."

Sinza isisingiziwe. Anayechaji simu dirishani katika jiji la Dar es Salaam ameshaiweka mnadani mwenyewe. Ila kweli ile nyumba niliipendea vigae.

Nikampigia dalali. Dalali wa Dar ana neno moja la usalama, nalo ni "pametulia". Manzese pametulia. Buguruni pametulia. Nilimuuliza kuhusu nyumba iliyopakana na baa yenye spika nne, akawaza kidogo, akasema, "Asubuhi pametulia sana, bosi."

Ikabidi niache kumsikiliza, nianze kumtazama mikono. Nyumba ya kwanza aliniapia kwamba hapajawahi kuonekana kibaka, huku akichomoa ufunguo wa pikipiki, akifunga usukani na kupitisha mnyororo kwenye gurudumu. Kisha akaingia sebuleni na helmeti kwapani. Nyumba ya pili aliniomba nikatazame vyumba peke yangu, yeye akabaki na pikipiki.

Nyumba ya tatu ilikuwa karibu na bonde la Msimbazi, na huko aliiacha pikipiki bila hata kuitazama. Nyumba nzuri, kodi nusu ya zile nyingine. Ila ndani, kila chumba, mstari wa kahawia ulizunguka ukuta kwa usawa wa kiuno changu.

"Urembo, bosi. Siku hizi wanapaka rangi mbili."

Nikafungua kabati la ukutani. Urembo ulikuwa umeendelea mpaka ndani. Mimi nilikuwepo Dar Desemba 2011, mvua zilipolijaza bonde lile, watu wakapanda juu ya mabati kusubiri kuokolewa, na baadaye serikali ikawahamishia wengi wao Mabwepande. Kibaka hana haja ya kwenda kule. Kazi yake inafanywa na mto, na mto haukuachii kitambulisho.

Nikaanza kuuliza watu. Hapo niligundua kwamba wakazi wote wa jiji hili wana ramani moja kichwani: mtaa wangu salama, unaofuata ndio wa majambazi. Mtu wa Tandale aliniambia nisithubutu Manzese. Mtu wa Manzese alishika kifua niliposema Tandale. Wala siwacheki, kwa sababu hofu ya mji huu ina mbio kuliko wezi wake. Ile jioni ya Januari 2015, uvumi kwamba genge la vijana wa Panya Road linakuja ulipoenea, nilikuwa Magomeni. Maduka yalifungwa, nami nikatimua mbio na wenzangu kuelekea Kinondoni. Njiani tukapishana na kundi jingine linatoka Kinondoni, linakimbilia Magomeni. Hakuna aliyesimama kumuuliza mwenzake. Jina hilo liliporudi Septemba 2022 watu waliumizwa, na hilo silifanyii mzaha. Lakini jioni ile mimi binafsi sikukimbizwa na mtu yeyote isipokuwa waliokuwa mbele yangu.

Kuta nazo hazisaidii. Nenda Oysterbay au Masaki uone: ukuta, juu ya ukuta waya wa umeme, juu ya waya kamera, getini mlinzi ndani ya kibanda chake. Ukiusoma mtaa kwa kuta utadhani watu wa pale wamezingirwa na jeshi. Ukuta unakwambia mtu ana nini, haukwambii ameibiwa mara ngapi.

Nyumba ya sita ilikuwa Tabata. Vyumba viwili na sebule, jiko la ndani, kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Vigae sikuvitazama. Nilivitazama kidogo. Dalali alifunga usukani lakini hakutoa mnyororo, jambo ambalo kwa vipimo vyangu lilikuwa alama ya sitini kwa mia, nikaona sasa pafanyiwe uchunguzi wa kitaalamu. Mchana kila mtaa ni mwema. Mtaa unatazamwa usiku.

Nilinunua daftari dogo na kalamu. Vigezo nilivitunga mwenyewe, na mpaka leo navitetea. Kwanza, duka la Mangi: unauziwa juu ya kaunta au unapitishiwa unga kwenye nondo kama mahabusu? Pili, ndala: zinalala nje ya mlango au zinaingizwa ndani? Tatu, kamba ya nguo: baada ya magharibi imeanuliwa au bado imejaa? Nne, mama wa chapati anafunga saa ngapi. Halafu mbwa, taa za nje, mageti, walinzi. Kwa kuwa nyumba hazikuwa na namba, nilizipa namba mwenyewe.

Usiku wa kwanza nilipita taratibu, nikihesabu taa. Usiku wa pili niliongea na mama wa chapati. Nilimuuliza anafunga saa ngapi, anarudi nyumbani na nani, na pesa za mauzo anaziweka wapi. Alinijibu vizuri mpaka swali la tatu. Usiku wa tatu kulikuwa na manyunyu, nikavaa koti refu na kofia, nikafika saa tano na tochi, nikaanza kuandika.

Naomba msomaji anitazame kwa macho ya watu wa ule mtaa. Mtu hajulikani. Ana koti. Anasimama mbele ya kila nyumba, anasukuma geti kidogo kwa kidole, anamulika kamba ya nguo, anapiga mluzi kuona kama mbwa atabweka, kisha anaandika.

Nilikuwa nimefika namba 23 nilipoguswa bega. Walikuwa vijana wanne wa ulinzi shirikishi, wenye filimbi na virungu. Wazee bado wanauita sungusungu, jina lililotoka kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, walipochoka na wezi wa ng'ombe. Nilitamani kuwaeleza kwamba mimi sina habari na ng'ombe, lakini filimbi ilikuwa imeshalia, na milango ilikuwa inafunguka mtaa mzima. Wengine walitoka na mapanga, wengine na mwiko. Mji huu, mtu akiitwa mwizi mara ya kwanza na ya pili bado ana nafasi ya kujieleza. Ya tatu ni ya tairi. Namshukuru kijana mwenye filimbi, ambaye alisema, kabla ya mtu yeyote kusema lolote, "Kwa mjumbe kwanza."

Mjumbe wa nyumba kumi ni cheo cha enzi za TANU, miaka ya 1960. Tangu vyama vingi virudi mwaka 1992 mjumbe ni wa chama tu, na mambo ya mtaa kisheria yako kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Lakini saa tano na nusu usiku, mtu mwenye daftari akiwa amekamatwa, hakuna anayekumbuka sheria. Anaamshwa mjumbe.

Alitoka na msuli na miwani ya kusomea. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akanyoosha mkono, akapewa daftari, akalisoma kwa sauti kama anayetangaza matokeo ya darasa la saba.

"Namba 9. Mbwa hayupo."

Mtu nyuma akasema, "Alikufa Jumatatu." Watu wakampa pole.

"Namba 11. Geti halifungi, linasukumwa kwa kidole."

"Mume wangu nilimwambia!" sauti ya mwanamke ikasikika. "Nilimwambia tangu Ramadhani!"

"Namba 14. Ndala jozi tano nje, viatu vya shule viwili. Watu wengi, wanalala mapema." Mjumbe alinitazama juu ya miwani, akarudi kwenye daftari. "Namba 16. Mlinzi amelala."

Kimya. Mwenye nyumba namba 16, aliyekuja na panga, aligeuka polepole kumtazama mlinzi wake, ambaye naye alikuwa amekuja kunikamata. Shavuni alikuwa na alama ya mkeka, imejichora vizuri, unaweza kuhesabu ukili.

"Namba 22. Kamba imejaa nguo, hakuna wa kuanua."

"Zangu hizo," alisema bibi mmoja, akaondoka mbio kuanua.

Ndipo mama wa chapati akajipenyeza mbele, nikapumua. Angalau mmoja ananijua. "Ndiye huyu!" akasema. "Ndiye aliyeniuliza pesa naziweka wapi!"

Pale nilielewa kwamba orodha ya mpangaji mwangalifu na orodha ya mwizi ni orodha moja. Zinatofautiana nia tu, na nia sikuwa nimeiandika.

Nikasema natafuta nyumba. Wakacheka, kwa kicheko ambacho hakikunisaidia. Nikasema dalali wangu anayo habari, wakampigia, wakaweka spika. Mjumbe akamwuliza kama anamjua mtu wa namna hii, mwenye koti.

"Mimi? Simjui kabisa."

"Anasema umemwonyesha nyumba."

"Mzee wangu, mimi naonyesha watu wengi. Kama amefanya jambo, amelifanya kwa akili zake."

"Anasema anataka kuilipia. Miezi sita."

Simu ikanyamaza. Halafu dalali akakohoa. "Aaa, huyo! Huyo ni ndugu yangu kabisa, mzee wangu. Mtu wa watu, mtulivu. Msimguse, nakuja."

Alifika kwa dakika tisa, akaipaki pikipiki katikati ya umati bila kufunga hata usukani. Niliiona hiyo. Nilikuwa na hofu ya roho yangu, lakini niliiona.

Mjumbe aliwaruhusu watu wakalale, akaniletea kiti cha plastiki. Akaniambia kwamba usiku wa kwanza waliniona, wakadhani nimepotea. Usiku wa pili waliniona, wakadhani nina mwanamke mtaani. "Ungekuwa na mwanamke tungekuacha," alisema. "Mambo ya watu wazima. Lakini ulipoanza kuandika, tukasema hapana." Kisha akaniuliza hasa nilikuwa natafuta nini.

"Usalama, mzee."

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya msuli. Akaniuliza tangu nilipofungua daftari usiku ule mpaka filimbi ilipolia zilipita dakika ngapi. Nilikuwa nimeandika saa juu ya ukurasa, kwa hiyo nilikuwa na jibu kamili: kumi na moja.

Nilirudi Sinza saa saba, nikamsimulia mke wangu yote. Alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza aliniuliza swali moja tu: kama madirisha ya Tabata yako juu au chini. Yako juu. Mwisho wa wiki tukalipa, dalali akachukua kodi yake ya mwezi mmoja, na hela ya kunionyesha nyumba hakuisamehe, pamoja na kunikana.

Ile wiki tunahamia, fundi wa kuchomelea alikuwa namba 11 kwenye geti. Baba mwenye nyumba aliniita pembeni akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama kuna jingine nililoliona ambalo mjumbe hakulisoma. Nikamwambia aelekeze taa yake nje, kwa sasa ilikuwa inamulika ndani, inamsaidia anayechungulia. Siku ya pili alikuja wa namba 20 na swali hilohilo. Kwa Mangi, ambaye kwa taarifa ya msomaji anauza juu ya kaunta, jina langu ni Mwizi. "Mwizi, sembe kilo ngapi leo?" Watoto wangu wanaitwa watoto wa Mwizi, na wamelizoea jina haraka kuliko nilivyopenda.

Mchango wa ulinzi ni shilingi 5,000 kwa mwezi, au unalinda mwenyewe. Mimi nalipa na ninalinda, maana walisema jicho langu lisipotee bure. Zamu yangu ni Alhamisi, na filimbi nimepewa. Daftari sijarudishiwa. Lipo kwa mjumbe, ambaye hulitoa kwenye vikao vya mtaa kila watu wakianza kulegea.

Tatizo limebaki moja. Yule mzee mlinzi wa namba 16 hakufukuzwa, alihamishiwa zamu ya mchana, na sasa anakaa getini kwenye jua, macho makavu. Kila asubuhi nikienda kituoni nampa shikamoo. Mwaka wa pili huu, hajaniitikia.