Shule Isiyo na Benchi: Kumi Bora za Watoto wa Mungaa

Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada kuanzia darasa la kwanza hadi kidato cha nne. Kwa hiyo mkulima wa Mungaa, huku wilayani Ikungi, akiamua kumpeleka mwanawe katika shule ndogo ya binafsi, ya msingi au ya sekondari, anajua fika kwamba ile njano ya alizeti iliyochanua shambani ni ada ya muhula. Magunia yanapimwa, kuku wanafungwa miguu, mbuzi anasindikizwa mnadani akilalamika njia nzima. Mtu aliyefanya hayo ana haki ya kuuliza: kwa fedha hii, mtoto wangu anafanya nini huko?

Ninayo majibu kumi, na ninahesabu kutoka chini kwenda juu. Sharti ni moja: kinachoingia kwenye orodha ni kile anachokifanya mtoto kwa mikono, miguu au mdomo wake. Basi lenye jina la shule ubavuni halina kura hapa. Geti jipya nalo likae pembeni.

10. Mchakamchaka

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi upepo wa Singida umeshaamka zamani. Watoto wanatoka mstari kwa mstari, nyimbo juu, vumbi juu zaidi. Nimeuweka nafasi ya mwisho kwa kuwa karibu shule zote Tanzania zinakimbia. Ila kwenye shule ya watoto mia moja na ushee, waanzisha nyimbo huisha haraka na zamu inazunguka, hadi anafikiwa hata yule mwenye sauti ya kinanda kilichonyeshewa. Naye huitikiwa vilevile, kwa nguvu zote.

9. Bustani na banda la kuku

Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, na jembe la shule halijapumzika tangu siku hiyo. Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja, basi maji ya kunawia mikono yanaishia kwenye mchicha. Mashudu ya alizeti wanakula kuku, na kuku wa Singida hawahitaji kutangazwa. Walaji wa Dar es Salaam wanawafahamu kuliko wanavyoifahamu ramani ya mkoa wetu. Hatari ni moja tu: katika shule ndogo kuku hupewa majina. Siku ya kuchinja, darasa la tatu zima linagoma kula.

8. Ngonjera na risala

Mgeni rasmi amechelewa, jua liko utosini, na mtoto wa darasa la pili bado anazikumbuka beti zake zote nane. Mgeni rasmi mwenyewe anasoma hotuba kwenye karatasi. Pointi kwa mtoto.

7. Mdahalo

Hoja zenyewe ni zilezile walizobishania baba zao: maisha ya mjini ni bora kuliko ya kijijini, mwalimu ni bora kuliko daktari. Huku hiyo ya pili ina moto wake, maana hospitali ya misheni ya Makiungu, iliyoanzishwa na masista mwaka 1954, haiko mbali, na kila familia ina mtu aliyezaliwa au kutibiwa pale. Upande wa walimu unaanza mchezo ukiwa nyuma kwa mabao mawili.

Shule nyingi za mchepuo wa Kiingereza zinataka mdahalo uendeshwe kwa Kiingereza. Sawa, mtoto ajifunze lugha ya watu. Lakini waandaeni na mdahalo wa Kiswahili, tena wa uzito uleule. Tangu 2024 somo la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili, na mtoto asiyeweza kujenga hoja kwa lugha anayoota nayo amepunjwa. Hapa sitanii.

6. Skauti

Uskauti uliingia Zanzibar 1912 na Tanganyika 1917. Hapa skafu ziko nne na vijana kumi na moja, basi zinavaliwa kwa zamu. Ukakamavu uko palepale, skafu iwepo isiwepo.

5. Klabu ya sayansi

Maabara ya shule ndogo huwa na hadubini moja, nayo huheshimiwa kama bibi harusi: haitoki nje mpaka imefunikwa. Sasa, wapenzi wasomaji, maabara kubwa iko nje ya dirisha.

Singida ni miongoni mwa mikoa ambayo visima vingi vina floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayekunywa zaidi ya hapo wakati meno yanakua anaweza kuishia kuwa na meno ya kahawia, na ikizidi sana hata mifupa inaumia. Dawa mojawapo inayofahamika ni mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe inachomwa kwa hewa kidogo, inasagwa, maji yanapitishwa humo, floraidi inanaswa. Ng'ombe tunao. Mifupa inatupwa mnadani kila wiki. Kinachopungua ni wanafunzi wawili wadadisi na mwalimu wa kemia asiyeogopa moshi.

Tangu 2011 kuna Young Scientists Tanzania, mpango unaowawezesha wanafunzi wa sekondari kufanya utafiti wao na kuuonyesha mbele ya majaji Dar es Salaam. Majaji wanauliza swali, njia na ushahidi. Idadi ya madarasa ya shule yako hawaiulizi. Klabu ya Mungaa itakayopima maji ya visima vya jirani na kurudisha majibu kwa wenye visima, hata isipofika Dar, mimi nimeshaipa kombe.

4. Matokeo

Najua umeshtuka, mzazi. Divisheni wani ya pointi 7 iko nafasi ya nne, nyuma ya mpira? Ndiyo, na ninasimama hapo.

Kwa miaka mingi Baraza la Mitihani lilitangaza shule bora, na majina kama Kemebos ya Kagera na St. Francis Girls ya Mbeya yalizoeleka kileleni. Kuna miaka ambayo shule zenye watahiniwa chini ya 40 zilipangwa kwenye kundi lao peke yao, na shule ndogo zikapata pa kupumulia. Januari 2023, wakati wa kutoa matokeo ya kidato cha nne ya 2022, Baraza lilisema basi: hakuna tena kumi bora. Wengine walinuna. Mimi nilishangilia, kwa hesabu nyepesi tu. Katika darasa la watahiniwa 12, mmoja akiamka na malaria siku ya hisabati, asilimia 8 ya shule imelala kitandani. Kuilinganisha shule hiyo na yenye watahiniwa 200 ni kupima kuku na ng'ombe kwenye mzani mmoja, kisha kumlaumu kuku.

Ubaya ni kile kilichofuata tamaa ya orodha zile. Katika baadhi ya shule, mtoto mzito alihamishwa kituo au kurudishwa darasa ili wastani usiharibike. Shule ndogo inayombakiza mtoto wake wa mwisho, ikamfundisha hadi jioni na kumtoa na D alizozipigania, inastahili pongezi. Bango la getini haliandiki jambo hilo. Mwenyewe ninaliandika hapa.

3. UMITASHUMTA na UMISSETA

Ya kwanza ni michezo ya shule za msingi, ya pili ya sekondari, na kwa mwanafunzi ni kombe la dunia katika viwanja viwili. Singida Black Stars kule mjini wana benchi la akiba. Shule yetu ndogo haina. Ukishatoa anayeumwa goti na ambaye mama yake kakataa, waliobaki ndio timu. Kipa ndiye sauti ya pili ya kwaya na ndiye kiranja wa chakula. Akifungwa mabao matatu mchana, jioni bado ndiye anayegawa maharage, na watu wanampigia makofi kwa busara.

Hapo ndipo penye utamu. Katika shule ya wanafunzi 900, mtoto wa kawaida anaweza kumaliza miaka minne akiwa shabiki. Hapa atavaa jezi atake asitake, na atagundua miguu aliyokuwa hajui anayo. Tena mashindano haya yana mlango mzuri: kadiri yanavyopanda, wachezaji huchaguliwa kutoka shule mbalimbali kuunda timu ya wilaya, kisha ya mkoa. Shule ikitolewa raundi ya kwanza kwa aibu ya mabao sita, beki wake wa kushoto bado anaweza kuvaa jezi ya Singida.

2. Mbio ndefu, za jirani yetu

Tarehe 15 Septemba 2025, jijini Tokyo, wanaume wawili waliukimbilia utepe uwanjani baada ya kilomita 42. Mjerumani Amanal Petros alikuwa mbele. Mita za mwisho kabisa Mtanzania akamfikia. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na ikabidi picha iamue: tofauti ya sekunde 0.03. Alphonce Felix Simbu akawa bingwa wa dunia wa marathoni, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha.

Simbu alizaliwa Mampando, humu humu wilayani Ikungi, mwaka 1992. Kabla ya dhahabu alikuwa wa tano Olimpiki ya Rio 2016, akachukua shaba ya mashindano ya dunia London 2017, na Olimpiki ya Paris 2024 alimaliza wa 17. Wa 17! Mwaka uliofuata akawa wa kwanza duniani. Mtoto aliyeshika nafasi ya 17 darasani asimuliwe habari hii polepole, mara mbili.

Riadha haihitaji nyasi wala taa. Tuna barabara za vumbi, tuna miinuko, tuna upepo wa bure unaosukuma kifua kurudi nyuma. Walimu wa michezo wa shule ndogo, chukueni saa yenye sekunde na daftari, andikeni muda wa kila mtoto kila Ijumaa. Sekunde 0.03 zinaanzia kwenye daftari la namna hiyo.

1. Taarifa ya habari ya paredi

Naam, juu ya bingwa wa dunia nimemweka msichana wa darasa la nne, mwenye karatasi inayotetemeka.

Kila asubuhi, baada ya bendera na wimbo wa taifa, mwanafunzi mmoja anapanda jiwe na kusoma habari: za shule, za nchi, za ulimwengu, na hali ya hewa, ambayo ni upepo. Wiki ya kwanza anasoma akiyatazama magoti yake. Wadogo hawasikii kitu, wakubwa wanacheka, mwalimu wa zamu anawatuliza kwa jicho moja. Shule ni ndogo, kwa hiyo baada ya siku chache zamu imemrudia. Na tena. Kufika muhula wa pili anainua uso, anatangaza kuwa darasa la tano limepata mbegu za miti na kuku mmoja hajulikani alipo, kisha anangoja kicheko kipite, anaendelea.

Jukwaa hilo halina gharama hata ya shilingi moja. Linahitaji jiwe, karatasi na orodha ya zamu isiyoruka jina la mtu. Ukiona shule inaliruka jina la mtoto wako mwaka mzima, nenda ukaulize, ada uliyolipa inatosha kwa swali hilo.

Mzazi wa Mungaa, safari ijayo ukienda kulipa ada usiende saa nne. Fika asubuhi na mapema, kengele ya paredi ikilia, simama nyuma ya mstari wa mwisho, usikilize anayesoma.