Sifa za Winga na Cha Juu Chake

Miongoni mwa watu wanaolihudumia taifa pasipo kutunukiwa nishani, ni vigumu kumpata anayestahili sifa kumzidi winga wa Kariakoo, yaani dalali asiye na duka wala bidhaa, ambaye humlaki mteja barabarani, humwuliza anatafuta nini, kisha humwacha kivulini na kukimbilia duka la tatu kutoka hapo kuchukua kitu ambacho mteja angeweza kukinunua mwenyewe. Nyongeza anayoiweka juu ya bei ya dukani huitwa cha juu, nayo ndiyo mshahara, posho na kiinua mgongo chake kwa pamoja.

Umahiri wake hudhihirika pale kifaa cha simu kinapoadimika. Kava iliyotundikwa kila kibarazani haimpi heshima yoyote. Lakini akitokea mtu anayetafuta betri ya toleo lililokwisha kuachwa na watengenezaji, winga hushusha pumzi kama tabibu anayesoma majibu mabaya ya maabara, kisha hutamka kwamba mzigo haujaingia, akimaanisha shehena kutoka Guangzhou au Shenzhen, na kwamba imebaki moja tu, kwa mtu anayemfahamu yeye. Mwanzoni mwa mwaka 2020, viwanda vya China vilipofungwa kwa sababu ya Korona, kauli hiyo iligeuka kuwa kweli tupu, jambo ambalo huenda lilimfadhaisha kidogo.

Nasaba yake nayo si haba. Babu yake kwa kazi ni mlanguzi, aliyehodhi bidhaa adimu ili aziuze kwa bei ya kuruka, na ambaye mwaka 1983, Tanzania ilipokuwa na uhaba wa sabuni na sukari, aliandamwa na serikali katika msako wa wahujumu uchumi uliosimamiwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, hata ikatungwa sheria maalumu na kuundwa baraza la kusikiliza mashauri yake. Wafanyabiashara waaminifu, kwa wema wao wote, hawajawahi kutungiwa sheria ya peke yao.

Wapo wanaonung'unika kwamba waya wa kuchajia wa shilingi 5,000 huwafikia kwa 15,000. Hao husahau kwamba ndani ya ile 10,000 mna dhamana, kwa kuwa winga huahidi kwamba waya ukisumbua urudishwe, naye atakuwepo hapo hapo, ingawa kwa mtu asiye na duka "hapo hapo" ni eneo pana sana. Mna pia elimu ya kutenganisha OG, yaani kifaa halisi, na kopi, elimu isiyo nyepesi hata kidogo pale vyote viwili vinapotoka katika boksi moja. Na kwa haki yake, mgeni aliyeshuka basi kutoka Tunduma angeweza kumaliza siku nzima akipanda na kushuka ngazi za maghorofa yenye vyumba vya maduka visivyo na vibao, ilhali winga anajua nani anauza nini na kwenye chumba kipi.

Adui wake wa kweli si polisi, bali ni tundu la chaja. Tangu mwaka 2012 simu za Apple zilitumia kichwa cha waya kisichoingia katika simu za wengine, na tofauti hiyo ilimlisha winga kwa zaidi ya miaka kumi, mpaka kampuni hiyo ilipohamia USB-C mwaka 2023, na Umoja wa Ulaya ukalazimisha kichwa hicho kwa simu mpya zinazouzwa huko kuanzia tarehe 28 Desemba 2024. Waliomchimbia kaburi waliharakisha. Sasa winga humweleza mteja kwamba nyaya zinazofanana kwa sura hazilingani kwa nguvu, na linalowaudhi wapinzani wake ni kwamba safari hii hadanganyi, maana mmoja huweza kuwa wa wati 60 na mwingine wa 240, na kwa macho matupu ni vigumu kuzitofautisha. Kwa hiyo mteja hana budi kumwuliza aliye karibu, na aliye karibu amekwisha kutaja bei.