Kikao cha Tumboni

Tumboni mwa panya mmoja wa maabara palikuwa na kiwanda kiitwacho Kongosho, kilichotawanyika ovyo kama mtaa usiopimwa viwanja. Kilifua visu vya kukatia protini, na kila kisu kilitoka kiwandani kikiwa ndani ya ala. Kikishavuka lango la utumbo ndipo huchomolewa, maana kikichomolewa mapema kiwanda hujila chenyewe. Hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa juu ya nani anakiamrisha kiwanda.

Bwana Vagasi, mshipa wa fahamu ushukao kutoka ubongoni, alidai ni yeye. Panya akinusa tu chakula, kabla hata hajauma, Vagasi hupiga simu na matone ya kwanza yakaanza kutiririka. Ofisini mwake alitundika picha ya Ivan Pavlov, mshindi wa Nobeli ya mwaka 1904, aliyewapa neva heshima yao yote.

"Kaka Vagasi," Bi Sekretini, homoni ya utumbo, alimwambia, "habari za London hazijakufikia? Mwaka 1902 Bayliss na Starling walikata nyaya zako kwenye kipande cha utumbo wa mbwa, wakatia tindikali humo, na kongosho likatoa maji yake vilevile. Amri ilipitia mto wa damu."

"Huyo mbwa," akajibu Vagasi. "Hapa ni kwa panya."

"Na Pavlov wako alifuga panya?"

Haki ya Mungu, mama huyu alifanya kazi. Tindikali ya tumbo ikiingia utumboni, barua yake hushuka mtoni na kiwanda hutoa maji ya magadi ya kuipoza. Visu havikuwa fungu lake. Hivyo vilikuwa vya homoni mwenzake, Bi Kolesistokinini, ambaye mitaani aliitwa Bi Kole. Cheo chake cha kwanza kilikuwa kusukuma kibofu cha nyongo, na panya hana kibofu cha nyongo: nyongo yake hutiririka tu. Lakini cheo ni cheo, hakuna aliyekigusa.

Bi Kole naye alijigamba kuwa barua zake huenda kwa mto moja kwa moja mpaka kiwandani. Watafiti wakazipaka nyaya za Vagasi zile zinazopanda ubongoni dawa itokanayo na ukali wa pilipili, zikafa. Bi Kole akaandika barua zake za kawaida, kiwanda kikanyamaza. Kumbe siku zote alikuwa akipita mlango wa nyuma wa ofisi ya Vagasi. Ombi linapanda kwa waya mpaka ubongoni, amri inashuka kwa waya. Kusikika kiwandani bila Vagasi kulimtaka amwage barua kwa debe.

Na aliyemwamsha Bi Kole hakuwahi kualikwa kikaoni. Alikuwa kijiprotini kidogo, kijana wa ukuta wa utumbo, aliyetoka kila mara kwenda kumbishia hodi. Utumbo ukiwa mtupu, visu vilivyokosa kazi vilimkata yeye njiani, na Bi Kole akaendelea kulala. Chakula chenye protini kikiingia, visu vikashughulika nacho, kijana akafika salama. Kwa hiyo kiwanda kilizimwa na bidhaa zake chenyewe, huku wakubwa wakigombea swichi.

Ndipo panya akaanza kulishwa soya mbichi. Soya mbichi ina kitu kinachovishika visu visikate. Kijana hakukatwa tena. Alibisha asubuhi, akabisha usiku. Bi Kole akaandika, Vagasi akapiga simu, kiwanda kikafua visu vipya, navyo vikashikwa, vikatoka na kinyesi. Kiwanda kikavimba, vyumba vikajengwa juu ya vyumba.

Kikao kikaitishwa haraka. Vagasi akasoma taarifa ya ongezeko la uzalishaji chini ya uongozi wake. Bi Kole akadai ongezeko hilo lina saini yake. Bi Sekretini, ambaye habari ya soya haikumhusu, akaomba atajwe katika mafanikio.

Mzee Ini, jirani asiyependa makuu, akanyoosha mkono. "Wenzangu, mbona panya anakula lakini hanenepi?"

"Uzito wa panya haumo kwenye ajenda, Mzee wangu," akasema Vagasi, akamkaribisha Bi Sekretini atoe neno la shukrani.