Barua ya Wazi kwa Shirikisho la Soka: Wadhamini Wenu Tunaomba Mkataba

Kwa Rais na Wajumbe wa Kamati Kuu,
Shirikisho la Soka la Kenya,
Kandanda House, Kasarani,
NAIROBI.

Waheshimiwa,

YAH: UDHAMINI WETU WA LIGI KUU YA SOKA YA WANAWAKE



Tunaoandika ni wadhamini wakuu wa ligi yenu ya wanawake, tawi la Kakamega. Hatujawahi kujuana rasmi. Hatukuwepo kwenye hoteli yoyote kutia saini, hatukupigwa picha tukiwa tumeshika hundi ndefu kuliko sisi wenyewe, wala nembo yetu haionekani kwenye jezi. Lakini timu ya huku kwetu inaposafiri kwenda kucheza Nairobi, karibu kilomita 400, kuna mtu aliyelipa nauli. Huyo mtu ni sisi.

Turuhusuni tujitambulishe. Yumo mama anayeuza mboga Khayega, ambaye faida ya kunde za wiki nzima imekuwa njumu za beki wa kushoto. Yumo shangazi wa Amalemba anayelaza wachezaji wanne sebuleni kabla ya kila mechi ya nyumbani, na asubuhi hawaulizi walikula nini jana kwa sababu anajua. Yumo mwalimu wa michezo aliyestaafu lakini mshahara wake wa uzeeni ukakataa kustaafu naye. Yumo mwenye matatu anayekubali nusu ya nauli leo na nusu nyingine mambo yakikaa sawa, na tangu tuanze kusafiri naye mambo hayajakaa sawa. Na yuko kila mmoja aliyemo kwenye kile kikundi cha WhatsApp ambacho Ijumaa jioni huandikwa: "Wapendwa, tumebakisha kidogo tu, kesho tunatoka saa tisa usiku."

Tumeona mnavyowaheshimu wadhamini wengine, nasi tukasema tulinganishe nyaraka. SuperSport waliodhamini matangazo ya ligi ya wanaume waliondoka 2017. SportPesa wakaondoka 2019. BetKing wakaja 2020 na mkataba wa miaka 5 wa shilingi bilioni 1.2, tukashangilia kama majirani wanaosikia harufu ya nyama, na kufikia 2021 wakawa wameshakwenda zao. Mwaka 2025 SportPesa wakarudi, na wakapokewa inavyostahili mgeni anayerudi. Sisi hatujarudi, maana hatujawahi kuondoka. Hatujavunja mkataba wowote. Ni vigumu kuvunja mkataba ambao hujapewa.

Mdhamini mzuri huulizwa pesa zake zimezaa nini. Tunafurahi kutoa ripoti.

Huku Magharibi udhamini huu umezaa mabingwa. Majirani zetu Vihiga Queens, ambao uwanja wao wa Mumboha uko mwendo mfupi kutoka kwetu, walitwaa ubingwa wa Kenya 2017, 2018 na 2019 mfululizo, kisha wakautwaa tena msimu wa 2022/23. Serikali ya Kaunti ya Vihiga iliwashika mkono, na tunaitaja kwa shukrani ili ijulikane kwamba ofisi ya serikali inaweza kufanya jambo kama hilo bila jengo kuporomoka. Septemba 2021 wakaifunga CBE ya Ethiopia 2-1 jijini Nairobi, wakawa mabingwa wa CECAFA, yaani kanda ya Afrika Mashariki na Kati. Novemba mwaka huo walikuwa Misri, kwenye Ligi ya Mabingwa ya Wanawake ya Afrika, mashindano yaliyokuwa yakichezwa kwa mara ya kwanza. Mamelodi Sundowns wakawashinda, AS FAR wa Morocco wakawashinda, lakini Rivers Angels wa Nigeria walirudi kwao wakijua Vihiga ni wapi.

Mabingwa wa kanda walistahili nafasi ya kulitetea taji, nyumba ya soka ikawapa likizo. Waziri aliivunja kamati ya Shirikisho Novemba 2021. Tarehe 24 Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya, na adhabu hiyo haikuondolewa hadi Novemba 28. Harambee Starlets, timu ya taifa ya wanawake, waliokuwa wakijiandaa kukabiliana na Uganda kuwania tiketi ya Kombe la Afrika, waliondolewa kabla ya mpira kuguswa. Agosti klabu za kanda zilikutana Tanzania na Kenya, nyumbani kwa bingwa mtetezi, haikuwa na timu. Simba Queens wa Tanzania wakatwaa kombe, wakaenda Morocco, wakamaliza wa nne barani Afrika. Tunawapongeza kwa dhati. Viongozi wetu waligombania viti, na waliobaki wamesimama ni wasichana.

Mtasema hayo ni ya uongozi uliopita. Ni kweli, nanyi mlichaguliwa Desemba 2024 mkiwa na mikono safi na ahadi mpya. Tunawajulisha tu kwamba ofisini wamebadilika watu, ila kwenye orodha ya wadhamini hakuna jina lililobadilika. Ni yule yule mama wa Khayega.

Sasa tuje kwenye msimu wenyewe, unavyoonekana ukiwa upande wetu wa uwanja. Kuna timu za mashirika, kama Ulinzi Starlets wa jeshi na Kenya Police Bullets, ambao walikuwa mabingwa 2023/24 na kufika fainali ya CECAFA kule Addis Ababa 2024. Hatuwaonei wivu hata kidogo. Mchezaji aliye na kazi ya kudumu hukimbia dakika 90 bila kufikiria kodi ya nyumba, na soka yake huonyesha hivyo. Wasiwasi wetu ni kwamba ligi imegeuka kuwa pambano kati ya payiroli na mchango, na mchango huchoka dakika ya 70.

Chukueni mfano wa Wadadia ya Mumias, humu humu kaunti ya Kakamega. Timu hiyo ilitokana na shirika la kijamii linaloshughulikia afya na maendeleo ya wanawake, katika mji ambao kampuni yake ya sukari iliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019. Kiwanda kilicholisha mji mzima kilipoyumba, akina mama wa mji ule ule waliendelea kuipeleka timu ligi kuu. Wanauchumi waliosoma wangekwenda Mumias kujifunza miujiza hiyo, ila tunasikia barabara ya kwenda kwa wanauchumi ni ya njia moja.

Kanuni zinasema timu mwenyeji ilete ambulensi na walinda usalama, la sivyo hakuna mechi. Kanuni nzuri. Tunaomba tu mwelewe kwamba mtaani kwetu ambulensi ikishakodishwa kwa mechi, kijiji kizima hukubaliana kutougua hadi kipenga cha mwisho. Na timu ikikosa nauli ya kwenda ugenini, wapinzani hupewa mabao na alama mezani. Hapo ndipo tulipojifunza kwamba katika ligi hii unaweza kufungwa ukiwa umelala kitandani kwako, bila kipa wako kuruka hata mara moja.

Kuhusu mashabiki, msituambie Kakamega haina watu wa kujaza uwanja. Uwanja wetu wa Bukhungu unajua kujaa. Ulijaa Desemba 31, 2016, wanasiasa walipokuja kumtawaza msemaji wa jamii, na ukajaa tena Desemba 31, 2021 kwa azimio jingine la kisiasa. Desemba 2017 ulishuhudia Kenya ikiilaza Rwanda 2-0 kwenye CECAFA ya wanaume, na Oktoba 2018 ukaandaa Mashujaa Dei ya taifa zima. Hata fahali wetu wa kupigana wanajaza. Nendeni Malinya alfajiri ya Jumamosi mkaone: fahali husindikizwa na umati njia nzima, isukuti inarindima, ngoma ambayo UNESCO iliiorodhesha 2014 isije ikapotea, mwenye fahali anatembea mbele kwa fimbo na fahari, na mnyama ameshiba. Straika wetu akipata nusu ya maandalizi ya fahali, yaani kula, kulala, kusindikizwa na kufika kwa wakati, tutawaletea kombe la Afrika na chenji.

Agosti 2025, wakati wa mashindano ya CHAN, Rais wa nchi aliwaahidi Harambee Stars, timu ya taifa ya wanaume, shilingi milioni moja kwa kila mchezaji kwa kila ushindi. Tulifurahi, vijana walipambana, na nchi ilijaa nyimbo. Usiku ule wadhamini wa Kakamega tulikaa na kalamu kuhesabu milioni moja ya mchezaji mmoja kwa jioni moja ingelipa safari ngapi za Kasarani kwenda na kurudi. Tuliiacha hesabu katikati kwa sababu sukumawiki ilikuwa inaungua.

Hatusemi kwamba wasichana hawatambuliwi. Wanatambuliwa sana uwanja wa ndege. Mwaka 2024 Junior Starlets, timu ya taifa ya wasichana wa chini ya miaka 17, wakifunzwa na kocha Mildred Cheche, walikuwa timu ya kwanza ya soka ya Kenya, ya kike au ya kiume, kufuzu Kombe la Dunia la FIFA. Walikwenda Jamhuri ya Dominika na kuifunga Mexico 2-1. Oktoba 2025 dada zao wakubwa, Harambee Starlets, waliitoa Gambia na kufuzu Kombe la Afrika, mara ya kwanza tangu walipocheza Cameroon 2016. Siku kama hizo kila mtu huwa mlezi wa soka ya wanawake, hadi unajiuliza waliokuwa wakiilea kwa siri wote hawa wametoka wapi.

Lakini swali la mdhamini ni la baada ya picha. Huku kwetu shule kama Butere Girls zinafunza soka hadi jina lao linatajwa nje ya mipaka. Msichana akimaliza kidato cha nne, shule haina tena nafasi yake uwanjani. Anaingia ligi kuu, na ligi kuu inamwelekeza kwetu, kwenye kile kikundi cha WhatsApp. Aliye na bahati huvuka mpaka. Jentrix Shikangwa alipita Vihiga Queens, kisha jina lake likaimbwa na mashabiki wa Simba Queens. Tunamwombea kila heri. Ila mngetuandikia hata risiti, maana kwa wengi wa wanaovuka, mimba, malezi na njumu ya kwanza vyote vilikuwa kwa gharama ya Magharibi.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, kama wadhamini wengine wowote, tunaleta masharti:

1. Ligi iitwe kwa jina la mdhamini wake, kama desturi ilivyo. Tunapendekeza Ligi Kuu ya Wanawake ya Mama Mboga. Nembo ni sufuria, nayo iwe kubwa kifuani.

2. Kila mkataba mnaotia saini kwa jina la soka ya Kenya uwe na fungu la wanawake lililoandikwa kwa tarakimu. Maneno "na wanawake pia watafaidika" hayapokewi na mwenye matatu.

3. Ruzuku ya usafiri ifike kabla ya safari. Ikifika baada ya msimu, hiyo ni rambirambi.

4. Ratiba itoke mapema, kwa kuwa kunde hazikui usiku mmoja.

5. Mechi zionyeshwe kwenye televisheni. Hakuna mdhamini duniani anayelipia tangazo lisiloonekana, isipokuwa sisi, nasi tumeanza kugundua.

6. Klabu isiyo na shirika nyuma yake ipate msaada wa ambulensi na waamuzi, ili kijiji chetu kiruhusiwe kuugua Jumamosi.

7. Hesabu za fedha za ligi ya wanawake zichapishwe kila mwaka, mahali ambapo mwalimu mstaafu anaweza kuzisoma bila kumjua mtu.

8. Siku ya fainali tutengewe viti vya wageni waheshimiwa. Tutakuja na chakula chetu, tumezoea.

Mshauri wetu wa kisheria, ambaye ni kijana wa mwaka wa pili hapo Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, alitushauri tumalizie kwa kitisho: kwamba msipotimiza masharti, tutauondoa udhamini. Tulijadili hadi usiku tukashindwa kukubaliana, na sababu tutawaambia wazi. Kampuni ikikasirika hung'oa mabango na kwenda zake. Sisi tuking'oa letu, anayekosa nauli si Shirikisho, ni binti yetu, akiwa amesimama stendi saa tisa usiku na begi mgongoni. Hilo mmelijua siku nyingi. Ndilo lililoiendesha ligi hii msimu baada ya msimu: uhakika kwamba kuna mtu mahali fulani asiyeweza kukataa. Tunaomba msilihesabu tena kama chanzo cha mapato.

Tunasubiri majibu kwa maandishi. Anayekuja kutuona na apite soko la Khayega, aulize mama wa beki wa kushoto. Asije mikono mitupu.

Wenu katika kujenga soka,

Mama wa Beki wa Kushoto,
kwa niaba ya Wadhamini Wakuu,
Tawi la Kakamega.

Nakala kwa:
Waziri wa Michezo;
Magavana wa Kakamega na Vihiga;
Mwenye matatu, ambaye tunamwomba radhi na siku saba zaidi;
Kampuni yoyote inayofikiria kudhamini soka ya wanawake: karibuni sana. Makabidhiano ni Ijumaa jioni, njooni na nauli ya Jumamosi.