Sifa za Nukta Inayokaa Ndani ya Futi

Dhahabu ina wasifiaji tele, kuanzia Geita mjini hadi machimbo ya Nyarugusu. Ng'ombe wa Usukumani wana wao, na pamba nayo ilichezewa ngoma enzi zake. Ile nukta ndogo inayowekwa baada ya futi haina hata mmoja. Mtu akitamka "futi saba pointi nane saba", wenzake hutazama pembeni. Mimi nimejitolea kuwa wakili wake, maana naiona ikichapa kazi hapa Buseresere mvua na kiangazi, na sijasikia hata siku moja ikiambiwa asante.

Asiyeijua aijue kwanza. Mchoro wa nyumba huja kwa mita, kwa sababu mita ndiyo kipimo rasmi cha nchi na mchoraji alisomeshwa kwayo. Fundi anafanya kazi kwa futi, kwa sababu alisomeshwa na fundi. Mwenye nyumba, aliye katikati yao, anatoa simu, anagawanya mita kwa 0.3048, na simu inampa jibu ambalo si la mchoraji wala si la fundi. Mlango wa mita 2.1 unatoka futi 6.89. Dari la mita 2.4 linatoka futi 7.874. Hiyo 874 ni nini? Haiwezi kuwa inchi, maana inchi 874 ni futi 72 na ushee, na hapo umeshasimamisha ghorofa. Ni vipande 874 vya futi iliyokatwa vipande elfu moja, na fundi gani amewahi kuikata hivyo? Futi ya fundi imekatwa vipande kumi na viwili, basi.

Dawa yake ni ya darasa la sita. Kilicho nyuma ya nukta kizidishe kwa 12. Hiyo 0.874 inakupa 10.49, kwa hiyo dari lako ni futi 7 na inchi 10 na nusu. Kikibaki kisehemu cha inchi, kizidishe kwa 16 upate idadi ya vile vistari vidogo vya kwenye tepu. Hesabu yote haifiki muda wa kumimina chai. Ukuu wa nukta unaanzia hapo: dawa yake iko wazi, na hakuna anayeinywa.

Sifa yake ya kwanza ni msimamo. Mwenye nyumba anaona 6.89 ni maneno mengi, anaikaza kuwa 6.9, anaituma kwa ujumbe. Fundi anasoma futi 6 na inchi 9. Mlango halisi ulitakiwa futi 6 na inchi 10 na theluthi mbili hivi, kwa hiyo ubao umekatwa pungufu kwa sentimita nne na kitu. Mwingine atasema hiyo ni bahati mbaya tu. Hapana, hebu iangalie vizuri. Sehemu moja ya kumi ya futi ni inchi 1.2. Tano za kumi ni inchi 6. Tisa za kumi ni inchi 10.8. Kila anayesoma sehemu za kumi kana kwamba ni inchi anakata fupi, na namba ikikua upungufu nao unakua. Hatakata refu hata siku moja. Nionyesheni kiongozi, mchungaji au mkwe mwenye kushika njia moja namna hiyo. Mbao ikizidi hupunguzwa, ikipungua hairefushwi, na nukta imechagua upande usio na marekebisho ili mambo yasimalizwe kimyakimya. Lazima simu ipigwe. Lazima mwenye nyumba afunge safari hadi karakana, lazima mbao nyingine inunuliwe, na muuza mbao naye ana watoto shuleni. Watu husema Katoro na Buseresere zinaishi kwa dhahabu. Sibishi, ila bei ya dhahabu hupanda na kushuka, wakati milango mifupi haina msimu.

Sifa ya pili ni kwamba inakaa na madhehebu yote bila kugombana na yeyote. Fundi naye anaandika nukta, lakini kwake ni ukuta tu kati ya futi na inchi. Kwenye kikaratasi chake baada ya 5.9 inakuja 5.10, inafuata 5.11, halafu 6. Mtoto wake anayesoma darasa la sita atamwambia kuwa 5.10 ni sawa na 5.1, na kwamba ni ndogo kuliko 5.9. Wote wawili wana haki. Basi la alfajiri nalo limeandikiwa tiketi ya saa 11.30, na hapo nukta ina maana ya tatu, maana hakuna abiria aliyewahi kuamini kwamba ataondoka baada ya sehemu tatu za kumi za saa.

Mambo hunoga pale dhehebu la fundi linapoingizwa kwenye simu ya dhehebu jingine. Chumba kina futi 10 na inchi 10 kwa futi 12 na inchi 3. Fundi ameandika 10.10 kwa 12.3. Mwenye nyumba anazidisha kama alivyofundishwa, anapata futi za mraba 124 na kidogo, anakwenda kununua marumaru za sakafu. Chumba kinataka 132 na zaidi. Zikipungua, zinapungua kwenye kona moja nyuma ya mlango, na akirudi dukani zile za rangi ile zimekwisha. Nimeziona sakafu za namna hiyo. Zina kona yenye rangi yake, na mgeni akisifu, mwenyeji hujibu kwamba ndivyo alivyotaka.

Usidhani watu wa hapa hawajui desimali. Wapeleke kwenye mzani wa dhahabu uone. Mzani wa kidijitali ukisoma gramu 3.4, yule kijana aliyeacha shule akakimbilia karasha la kusaga mawe ya dhahabu anajua fika kuwa hiyo 4 ni sehemu nne za kumi za gramu, na anajua kila moja ni shilingi ngapi asubuhi hiyo. Soko la dhahabu la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, sikusikia kwamba wachimbaji walihitaji semina ya nukta. Mtu yuleyule akitoka mzanini akapita kwa seremala, akiona 3.4 atasema futi tatu na inchi nne. Akili haijapungua njiani. Gramu ilimlipa na futi haijamlipa kitu.

Nasaba ya nukta hii nayo ni ya heshima. Wajerumani walioitawala nchi hii kabla ya Vita Kuu ya Kwanza walikuwa watu wa mita. Wakaja Waingereza na futi zao, na mgodi wa zamani wa Geita, uliofanya kazi tangu 1936 hadi 1966, ukachimbwa chini ya watu wa futi. Lakini usitafute mantiki iliyonyooka. Reli ya Uganda kutoka Mombasa ilijengwa na Waingereza haohao, na upana wake ni mita moja kamili, yaani futi 3 na inchi 3 na vistari sita. TAZARA ikajengwa na Wachina, watu wa mita, kati ya 1970 na 1975, na upana wake ni futi 3 na inchi 6 kamili, kwa kuwa ilibidi iungane na reli za kusini mwa Afrika. Reli za vipimo hivyo viwili zinakutana Kidatu, na mzigo unahamishwa kutoka behewa hadi behewa. Reli ya kisasa inayojengwa kati ya Mwanza na Isaka, ikipita Shinyanga, ina upana wa milimita 1435. Mchina anayeijenga akiulizwa atataja milimita, ila namba hiyo ni futi 4 na inchi 8 na nusu za Mwingereza zilizovaa suti.

Kuna siku nukta yetu nusura ife. Mwaka 1790 Thomas Jefferson, akiwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alipeleka bungeni mpango wa vipimo, na ndani yake mlikuwa na pendekezo la futi yenye inchi kumi. Lingepita, 6.9 ingekuwa futi 6 na inchi 9 kwa fundi, kwa simu na kwa mtoto wa darasa la sita, na makala hii isingekuwepo. Wabunge wa Marekani hawakulipitisha. Wanalaumiwa kwa mengi, na kwa hili Buseresere inawashukuru. Hata hivyo namba 12 ilistahili kupona. Inagawanyika kwa mbili, kwa tatu, kwa nne na kwa sita bila kulalamika. Ubao wa futi moja ukiugawa kwa watu watatu, kila mmoja anapata inchi nne. Ukiugawa kwa desimali, utaandika 0.333 mpaka kalamu iishe wino.

Wapo wanaotaka futi iondoke kabisa. Waanze na vitanda. Nenda dukani ukaagize kitanda cha sentimita 183 kwa 183, uone watakavyokutazama. Sita kwa sita ni sita kwa sita, godoro lake ni la inchi nane au kumi, na harusi hazisubiri mageuzi ya vipimo. Tena nyumba moja ya hapa ni mkutano wa mataifa: kiwanja ni ishirini kwa ishirini, hizo ni mita, tofali ni la inchi sita, nondo ni ya milimita kumi na mbili, bati ni la futi kumi, geji thelathini, bomba ni la nusu inchi, rangi ni lita ishirini. Mwenye nyumba anavuka mipaka yote hiyo kabla ya saa nne asubuhi bila pasipoti, na anakwama kwenye nukta moja tu.

Mahali pamoja sitaisifu, nako ni shimoni. Matimba yanayozuia kuta za duara, yaani shimo la wachimbaji, yakipungua inchi moja na nusu hayafiki ukuta, na huko chini hakuna simu ya kumlalamikia mtu. Huko heri kijiti kilichokatwa kwa upana wa shimo lenyewe na kupelekwa juu kwa mkataji. Kijiti hakina nukta wala dhehebu.

Kwingineko naomba iachwe iishi. Maafisa wa Wakala wa Vipimo wana mizani ya sokoni na pampu za mafuta za kuhangaika nazo, waiache. Walimu wasikazanie sana kuzidisha kwa 12. Na wewe msomaji, ukisimama na fundi akivuta tepu yake, usiizungumzie ile safu ya namba iliyo ukingo wa pili, chini ya inchi. Ni sentimita. Mlango wa mita 2.1 ni 210, na imechapwa pale kwenye tepu ileile anayoivuta kila siku. Tafadhali usimwonyeshe.